Mgonjwa karudi nyumbani na amri ya mahakama: mwongozo wa matibabu ya nje kwa familia za Moshi na Arusha

Maswali ni yaleyale kila wiki. Ndugu yetu ameachiwa kwa sharti la kuhudhuria kliniki ya afya ya akili, tunaanzia wapi? Akikataa sindano tunaruhusiwa kumshika? Nani anapeleka taarifa mahakamani, sisi au hospitali? Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyekabidhiwa mtu mzima anayetibiwa akiwa nyumbani huku mahakama au mamlaka nyingine ikimwangalia.

Kwanza tuondoe jambo moja. Wengi wamesoma mtandaoni kuhusu New York, ambako tangu 1999 hakimu anaweza kumwamuru mtu ambaye hana kosa lolote atibiwe akiwa nje ya hospitali. Uingereza nako ipo amri inayofanana na hiyo, ila huko hutolewa na daktari. Usiende na sheria hizo kwa karani wa Moshi. Kwetu Tanzania karatasi nyingi za aina hii zinatokana na kesi ya jinai. Na hata huko New York, anayekiuka amri hupelekwa hospitali na anaweza kushikiliwa hadi saa 72 aangaliwe. Hakuna anayeruhusiwa kumlaza chini sebuleni na kumchoma sindano.

Tambua karatasi uliyonayo

Inaweza kuwa sharti la dhamana kesi ikiendelea. Inaweza kuwa hukumu ya kuachiwa kwa masharti chini ya uangalizi wa afisa probesheni. Au inaweza kuwa ruhusa ya kutoka taasisi ya Isanga, Dodoma, ambako huwekwa waliothibitika kutenda jambo lakini walikuwa wagonjwa wa akili walipolitenda. Hii ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Masharti yake husema ataishi kwa nani na nani atamsimamia, na kuyavunja kunaweza kumrudisha.

Amri ya uchunguzi usiichanganye na hizo. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, mahakama ikitilia shaka akili ya mshtakiwa humpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, na ripoti inatakiwa ndani ya siku 42. Mara nyingi huchelewa. Huo ni uchunguzi tu, na mwongozo huu utakufaa baada ya hapo.

Kama hakuna kesi yoyote na mtu amezidiwa tu, njia yenu ni Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ambayo inagusa kulazwa kwa hiari na bila hiari. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au moja kwa moja hospitali. Msimtafutie mtu kesi ya jinai ili apate matibabu. Wapo wanaoshauri hivyo, na ni ushauri mbaya.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Nakala 3 za amri zenye muhuri wa mahakama. Moja ni ya kliniki, moja ya nyumbani, moja ya kutembea nayo. Halisi ibaki kwenye bahasha.
- Muhtasari wa kuruhusiwa hospitali, wenye jina la ugonjwa, dawa, dozi na tarehe ya sindano ya mwisho.
- Kitambulisho cha mgonjwa. Kama hana cha NIDA, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye picha.
- Kaunta buku na kalamu. Simu peke yake haitoshi.
- Kisanduku chenye kufuli na kipimajoto.
- Watu wawili, msimamizi mkuu na wa akiba. Mmoja huumwa, husafiri, huchoka.
- Nauli ya safari mbili, iliyotengwa. Kliniki hukoswa zaidi kwa sababu ya nauli kuliko kwa sababu ya ubishi wa mgonjwa.

Hatua

1. Soma amri ukiwa na kalamu. Piga mstari chini ya mambo matano: anatibiwa wapi, kila baada ya muda gani, mpaka lini, anaishi kwa nani, na taarifa inakwenda kwa nani. Jambo moja likikosekana, rudi masjala ya mahakama siku ileile ukaulize, ukiwa na namba ya shauri. Kama amri imetaja hospitali iliyo mbali, tuseme Mirembe ya Dodoma nanyi mnaishi Rombo, usijibadilishie mwenyewe. Andika barua ya kuomba kituo cha karibu, ambatanisha barua ya daktari wa hapo, kisha endeleeni kwenda kulikotajwa mpaka mjibiwe.

2. Peleka amri kliniki kabla dawa alizotoka nazo hospitali hazijaisha. Moshi ni Mawenzi, hospitali ya rufaa ya mkoa, au KCMC ambayo ni ya kanda. Arusha ni Mount Meru. Usisubiri tarehe ya kliniki ifike, nenda wiki ya kwanza hata bila mgonjwa, ukaulize mambo haya:

Siku za kliniki ya akili ni zipi, na kadi huanza kupokelewa saa ngapi? Sindano yake ipo, au huwa inakatika? Kituo cha afya cha kwetu kinaweza kumchoma sindano, ili mkoani aje kuonwa na daktari tu kila baada ya miezi kadhaa? Swali hilo la mwisho watu hawaliulizi, wakati ndilo linalookoa nauli za mtu wa Marangu au Karatu. Jibu likiwa ndiyo, omba rufaa ya kushuka, yaani ya kumpeleka kituo cha kwenu, iliyoandikwa dawa, kipimo na tarehe.

Pitia pia dirisha la ustawi wa jamii. Sera ya msamaha wa gharama ya vituo vya serikali inawagusa wenye magonjwa ya akili, lakini msamaha haukufuati nyumbani, unaombwa. KCMC iko chini ya taasisi ya kanisa, kwa hiyo ulizia gharama zao mapema.

3. Kaa na mgonjwa, msome karatasi pamoja. Ni mtu mzima, na amri ni yake. Mweleze anachotakiwa kufanya na kitakachotokea asipofanya, bila chumvi. Halafu muulize swali ambalo pengine hajaulizwa na mtu: dawa zinakukera wapi? Atakwambia miguu haitulii, mate yanamtoka, analala mpaka saa nne, nguvu za kiume zimepungua. Andika alivyosema mwenyewe umpelekee daktari. Wengi mnaowaita wabishi wanakimbia kero moja ambayo ingetulia kwa kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

4. Fungua daftari. Chora safu tano: tarehe, dawa aliyomeza au sindano, idadi ya saa alizolala, jambo lililoonekana, sahihi. Ukurasa mzuri unasomeka hivi:

*Jtatu 3. Vidonge asubuhi na jioni. Kalala saa 7. Kapalilia migomba. Hana neno.*
*Jnne 4. Jioni kakataa, kameza saa tatu usiku. Kalala saa 4. Anasema jirani anamsema redioni.*
*Jtano 5. Kameza vyote. Kalala saa 3. Nimempigia muuguzi saa mbili asubuhi, kasema tuje kesho.*

Tazama usingizi ulivyoshuka kutoka saa 7 hadi 3 ndani ya siku tatu. Hapo ndipo hali inapoanza kurudi, siku kadhaa kabla ya kelele. Daktari akiuona ukurasa huu anajua la kufanya, na hakimu akiuona anajua hamkulala usingizi. Usiandike "amekuwa mkorofi". Andika alichofanya.

5. Panga vidonge. Majina ya dawa tunayaacha kama yalivyo kwenye boksi ili uyalinganishe. Hesabu siku unayochukua. Kama ni haloperidol kidonge 1 mara 2 kwa siku na kliniki ni baada ya siku 30, ni vidonge 60. Omba vya siku 5 za ziada, maana tarehe ikiangukia sikukuu mtakwama. Boksi zima likae kwenye kisanduku chenye kufuli, atolewe vya siku au vya wiki kulingana na hali yake.

Vile vidonge vya kulegeza mwili (trihexyphenidyl, ambavyo wengi bado wanaviita Artane au benzhexol) vitazame kwa jicho la pekee. Vinapunguza kukakamaa, ila vinalevya vikizidishwa na vina wateja mtaani. Vikiisha kabla ya wakati, mwambie muuguzi. Vimezwe mapema mchana, vikimezwa usiku vinafukuza usingizi.

Akisahau dozi moja, usimpe mbili. Carbamazepine na sodium valproate zisikatwe ghafla hata siku moja kwa makusudi, zinaweza kuleta degedege. Kama anameza lithium, kuharisha, kutapika au kutokwa jasho jingi shambani kunaweza kuipandisha mwilini hadi imdhuru. Apimwe damu kama kliniki inavyopanga, na akianza kutetemeka mikono sana au kuyumba, hospitali siku hiyohiyo.

6. Simamia siku ya sindano kama siku ya kesi. Sindano ya mwezi inayojulikana zaidi ni fluphenazine decanoate, dawa iliyo ndani ya mafuta, ambayo huchomwa tako kila baada ya wiki 2 hadi 4 kadiri daktari alivyoandika. Kama kliniki imeishiwa na mmeinunua famasi, isome: jina kamili lenye neno *decanoate*, miligramu 25 kwa mililita 1, na tarehe ya mwisho. Neno hilo likikosekana, siyo ile ya mwezi. Usiiweke kwenye friji na usiiache juani kwenye dashibodi ya gari. Muuguzi hutumia sindano nene kidogo na kavu kabisa, kwa sababu mafuta ni mazito na maji kidogo tu huifanya dawa iwe na ukungu. Ikishakuwa na ukungu haitumiki. Baada ya kuchomwa, asisuguliwe pale mahali.

Mwambie jana yake, siyo asubuhi ileile, na umwambie kama mtu. "Kaka, kesho tunakwenda Mawenzi. Tupande gari la saa kumi na mbili, tukimaliza tunapitia supu." Ukimwamsha saa kumi na moja kwa "amka, mahakama inakutaka", umeshampoteza.

Usiondoke dirishani kabla kadi haijaandikwa dawa, kipimo, sehemu iliyochomwa, tarehe inayofuata na sahihi. Piga picha ukurasa huo mkiwa bado hapo. Kadi iliyosainiwa ndiyo ushahidi wenu. Maneno ya "tulikwenda" hayana muhuri.

7. Peleka taarifa kabla hujaulizwa. Usidhani hospitali itaandika yenyewe. Soma amri: kama taarifa ni kwa afisa probesheni, mpelekee yeye, kama ni kwa mahakama, barua iende kwa Hakimu Mfawidhi kupitia masjala. Ukurasa mmoja unatosha:

*YAH: TAARIFA YA MATIBABU, SHAURI LA JINAI NA. …*
*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtajwa amehudhuria kliniki tarehe … na … kama inavyoonekana kwenye nakala ya kadi (kiambatisho A). Tarehe … hakuhudhuria kwa sababu …. Alihudhuria tarehe … Tarehe ijayo ni …*
*Naomba kuwasilisha.*

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Yaliyomo ndani ya ugonjwa wake, anachosikia, anachokiogopa, yaache kwa daktari. Mahakama imeuliza kama anatibiwa. Na tafadhali, amri hii isirushwe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Tumeona mtu akinyimwa kibarua kwa picha ya namna hiyo.

8. Wiki 6 kabla amri haijaisha, muombe daktari barua ya maendeleo. Amri ikiisha, sharti limeisha lakini dawa hazijaisha. Kupunguza ni kazi ya daktari, na hufanywa taratibu.

Makosa yanayorudi kila mara

*Kuchanganya dawa kwenye chai au mbege.* Siku akigundua, hatakula tena chakula cha mkono wako, na kama ugonjwa wake ulikuwa ni kuhisi anawekewa sumu, umemthibitishia. Mbege, gongo na pombe nyingine zikikutana na dawa hizi huzidisha usingizi na kuangusha mtu. Bangi na mirungi vinaweza kumwamshia ugonjwa. Kwenye msiba au ngoma ya ukoo, mwenye nyumba aambiwe mapema ili asimlazimishe kata ya kwanza ya pombe.

*"Amekosa sindano mbili na yuko vizuri, kwa hiyo haihitaji."* Hili ndilo kosa baya kuliko yote, na chanzo chake kinaeleweka. Dawa ya mafuta hutoka mwilini polepole sana. Mtu anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akiwa ametulia kwa dawa ya zamani. Ikiisha, hali hurudi wakati familia imeshasahau tarehe, na lawama zinamwangukia mchawi.

*Kumfunga kamba au mnyororo.* Ni kosa, ni jeraha, na mahakama ikisikia mtakaokuwa matatani ni nyinyi.

*Kuacha dawa kwa sababu ya maombi.* Aombewe, hakuna anayekataza. Mwambie mchungaji au shehe kwamba dawa ziko chini ya amri, na wengi wakishaiona karatasi husaidia kusimamia. Wakati wa Ramadhani muulize daktari namna ya kuhamishia dozi kwenye futari na daku.

*Polisi kama kitisho cha kila siku.* Ukitaja polisi asubuhi, mchana na jioni, siku utakapowahitaji kweli atakuwa ameshakimbia.

Mambo yakienda kombo

*Amekosa tarehe ya sindano.* Mpeleke kesho yake, usisubiri siku ya kliniki ya wiki ijayo. Andika sababu daftarini. Zikipita zaidi ya wiki 6, dozi haiendelezwi tu kama zamani, daktari amuone kwanza.

*Anakataa kabisa.* Usishikane naye. Muulize tena swali la hatua ya 3, tafuta mtu anayemsikiliza (mara nyingi ni mjomba au shangazi, siyo mzazi), mpigie muuguzi. Ikishindikana, mpe taarifa afisa aliyetajwa kwenye amri ndani ya siku chache, kwa maandishi. Kuficha kwa huruma ndiko kunakomgeuza mgonjwa kuwa mkaidi machoni pa mahakama.

*Shingo imepinda, macho yamekwama juu, taya limekaza.* Si mapepo. Ni dawa, na hutokea zaidi siku za mwanzo au dozi ikipanda. Hospitali leo, kuna dawa ya kuilegeza. Akishindwa kumeza au kupumua, msisubiri daladala.

*Homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho, kuchanganyikiwa.* Simamisha dawa za akili, mkimbize kitengo cha dharura sasa hivi. Waonyeshe kadi ili wasidhani ni malaria peke yake. Hii inaua.

*Hajalala usiku mbili mfululizo.* Kliniki kesho asubuhi, tarehe iwe imefika au haijafika.

*Anasema anataka kufa, au ameshika panga.* Ondoa watoto, ondoa mapanga, kamba na dawa za shamba. Mtu mmoja aliyetulia abaki naye, wengine watoke. Piga 112 au mwenyekiti wa mtaa, useme kwanza kabisa kwamba ni mgonjwa aliye chini ya matibabu, ili wanaokuja wasije kama kwa jambazi. Kisha hospitali.

*Amekamatwa mtaani.* Nenda kituoni na nakala ya amri pamoja na kadi, muombe mkuu wa kituo dawa zisikatike mahabusu. Kama hamna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

*Sindano haipo hospitali wala famasi.* Usikae kimya mkisubiri. Daktari anaweza kumhamishia vidonge kwa muda, na badiliko hilo liandikwe kwenye kadi, lisije kuonekana kama mmekiuka.

*Anataka kuhama, tuseme kwenda kwa dada yake Dar.* Kama amri imetaja makazi, ruhusa kwanza, safari baadaye. Akipata ruhusa, abebe rufaa, nakala ya amri, dawa za siku 30 na namba ya simu ya kliniki anayotoka. Sindano ichomwe kabla ya kupanda basi, hata kama imebaki siku mbili kufika tarehe, ila muuguzi akubali kwanza. Dada naye anunue kaunta buku lake.